Baiskeli Isiyotaka Kona

Jumatatu, Machi 3

Baiskeli mpya imefika. Nyekundu, tairi nene, springi mbele tu. Nyuma ni chuma kitupu, kila jiwe utalijua kwa makalio. Mkuu wa kituo amenikabidhi mbele ya wafanyakazi wote kana kwamba ananioza binti yake wa pekee. "Haya dada," akasema, "sasa visingizio vimekwisha." Wenzangu wakapiga makofi. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Naandika hapa kwa sababu mume wangu anasema nikianza kusimulia habari za bomba nawafukuza wageni. Basi bomba litasimuliwa kwenye karatasi. Kazi yangu ni kulinda bomba linaloshuka kutoka chemchemi ya mlimani mpaka tangi la mji. Mvua kubwa ikinyesha, chemchemi inachafuka na tope linaingia bombani. Valvu ya kule juu ilikufa zamani, na kila mwaka ofisi inaahidi kuibadilisha. Simu haishiki huko. Kwa hiyo nikiona maji yamegeuka rangi, narukia baiskeli na kushuka kwa njia ya miguu iliyo kando ya bomba, kona baada ya kona, nikafunge valvu ya chini, pale kwenye chemba iliyo juu ya tangi, kabla tope halijafika. Maji yanashuka ndani ya bomba, mimi nashuka nje. Miaka yote nilikuwa natangulia mimi.

Mpaka msimu uliopita, fremu ya baiskeli ya zamani ilipokatika nikiwa konani. Gurudumu la mbele lilijigeukia lenyewe, nami nikavunjika mtulinga, ule mfupa wa bega. Mume wangu ndiye aliyenikuta na kunibeba.

Jioni hii ameizunguka baiskeli mpya kama mtu anayenunua ng'ombe. Yeye ni seremala, haamini kitu mpaka akitikise. Ameinua mbele, gurudumu likalala upande.

"Inacheza hii," akasema.

"Ndivyo zilivyo, Baba Pacha."

Akaitikisa tena. Pacha wenyewe wako shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tumebaki sisi wawili na mama yake, na sasa huyu mwekundu.

Jumanne, Machi 4

Nimeipanda kwa mara ya kwanza mpaka chemchemini. Kupanda, sawa. Kushuka, najuta. Unaiambia kata kushoto, inafikiri kwanza. Unavuta usukani, inakwenda mbele kidogo, halafu ndiyo inakubali, na ikishakubali inapitiliza. Ni kama kusukuma meza nzito kwenye mlango mwembamba. Labda ni upya.

Alhamisi, Machi 6

Mvua ndogo. Maji safi. Baiskeli vilevile.

Jumamosi, Machi 8

Nimekwenda kwa fundi baiskeli. Jina lake halisi hakuna anayelijua. Watu wanamwita Kesho, kwa sababu ukimpelekea kitu chochote anakuambia njoo kesho. Leo kwa bahati alikuwa hana kazi. Ndiye aliyeiunga hii baiskeli ilipotoka kwenye boksi, kwa hiyo nilianza na ukali.

"Umeniungia baiskeli au mkokoteni?"

"Tatizo nini, mama?"

"Haikati kona."

Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama daktari. "Upepo mwingi sana. Tairi inadunda badala ya kushika." Akapunguza upepo mpaka tairi zikawa laini kama maandazi, akanipungia mkono.

Jumatatu, Machi 10

Upepo kidogo umeharibu zaidi. Sasa haikati kona, na pia haiendi. Nimefika nyumbani nimelowa jasho. Nimejaza upepo mwenyewe kwa pampu ya mkono huku nikimsema Kesho kwa maneno ambayo mama mkwe aliyasikia akafunga dirisha.

Lazima niandike na mazuri. Kila asubuhi mume wangu ananitolea baiskeli nje. Nikitoka naikuta imeegemea ukuta, imefutwa tope, cheni imepakwa mafuta. Sijamwomba. Ni mtu wa maneno machache, lakini mkono wake unasema. Wangapi wanafanyiwa hivyo?

Ijumaa, Machi 14

Nimerudi kwa Kesho na hasira zangu zote. Safari hii amejikuna kichwa kwa muda mrefu. Akasogeza kiti mbele, akasema uzito wangu ulikuwa nyuma mno na gurudumu la mbele lilikuwa halishiki ardhi. Akabadilisha ile shingo inayobeba usukani, akaweka fupi, ili usukani ujibu haraka. Mfuko wangu wa spana, uliokuwa unaning'inia mbele, akauhamishia nyuma. Wakati anafungua kofia ndogo iliyo juu ya ile shingo, akasimama.

"Mbona hapa pamebanwa hivi? Gololi zinalia. Nani amekaza?"

"Wewe."

"Mimi sikazi hivi."

"Nani tena? Baiskeli inajikaza?"

Mafundi wote wako hivyo, kosa lao likionekana wanamtafuta mtu wa tatu. Akatia grisi, akafunga upya, akaniambia jaribu.

Nimejaribu. Sikuamini. Nikitazama kushoto, tayari iko kushoto. Nimezunguka kiwanja cha nyuma ya soko kama mtoto, watu wananicheka, nami nacheka. Nimemwomba Kesho radhi kwa nusu ya maneno niliyomwambia. Nusu nyingine nimebaki nayo kwa tahadhari.

Jumapili, Machi 16

Nimepumzika. Mvua imenyesha mchana kutwa. Kwa mara ya kwanza tangu nivunjike nimeitazama mvua bila kuhesabu kona.

Jumatatu, Machi 17

Nzito. Nzito kama siku ya kwanza. Kona ya kwanza tu nimejua. Nilisimama njiani nikaushika usukani nikautikisa kama naitikisa shingo ya Kesho. Siku tatu! Grisi yake ina siku tatu za uhai?

Jumatano, Machi 19

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilianza kabla sijafika juu. Si mvua ya kunyesha, ni ya kumwagwa. Nilijibanza chini ya kibanda cha chemchemi nikiangalia maji. Kwanza yalikuwa kama kawaida, halafu yakapata rangi ya chai ya maziwa, halafu ya chai ya rangi. Nikapanda baiskeli.

Njia nzima nilikuwa napigana. Kona ambazo nilizoea kuzipita bila kufikiri, leo ilibidi niziombe moja moja. Kwenye kona ya mwamba, ile iliyo juu ya korongo, nilivuta usukani mpaka bega langu la zamani likalia, na bado nilikwenda mpaka ukingoni. Nikashuka. Nikaisukuma kwa miguu. Ndiyo, mimi, mlinzi wa bomba wa miaka yote hii, nimeshuka mlima nikiisukuma baiskeli mpya ya ofisi kama naipeleka mnadani.

Nilipofungua chemba niliweka sikio kwenye bomba. Unaweza kusikia tope likipita. Maji safi yanasema taratibu, tope linakwaruza. Lilikuwa linakwaruza. Nilifunga valvu hata hivyo, mikono imekufa ganzi, nikakaa juu ya mfuniko wa chemba nikalia. Sioni aibu kuliandika.

Mji mzima umefungua mabomba umepata tope. Nimefika nyumbani nimemkuta mama mkwe ameketi mbele ya ndoo, anaitazama.

"Mama Pacha," akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "haya ndiyo ya kupikia?"

Alhamisi, Machi 20

Mkuu ameniita ofisini. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kumjibu.

"Dada, tumekununulia baiskeli mpya."

"Najua, Mkuu."

"Nzuri kuliko ya zamani."

"Ya zamani ilikuwa inakata kona."

Akatazama dirishani. Akasema labda mlima una umri wake na sisi tuna umri wetu. Akasema kaunta ya malipo inahitaji mtu anayeaminika, kuna kiti, kuna feni. Likitokea tena, nitahamia kaunta, na bomba atapewa mwingine. Niliitikia kwa kichwa.

Mimi nikae nyuma ya kioo nikigonga mihuri? Ule mlima naujua kuliko ninavyojua vyumba vya nyumba yangu. Najua jiwe lipi linateleza likilowa na lipi halitelezi. Nikiondolewa kule sijui nitabaki kuwa nani.

Nimemweleza mume wangu wakati wa chakula. Akatafuna, akameza, akasema, "Kaunta kuna paa." Basi. Hayo tu. Niliacha kula.

Jumamosi, Machi 22

Kwa Kesho tena. Nilimkuta anakunywa chai, nikamsubiri kwa makusudi nikiwa nimesimama mbele yake.

"Imerudi palepale," nikamwambia.

Akafungua. "Mama, hapa pamekazwa tena. Angalia. Nilipaacha panazunguka kwa kidole kimoja."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Sijasema. Nauliza nani mwingine anaishika."

"Anayeishika ni mume wangu, na anaifuta. Wewe huifuti hata ukiwa umelipwa."

Akacheka, nami sikucheka. Akailegeza, ikawa nyepesi, nikarudi nayo nyumbani nikiimba moyoni. Nimeiegemeza ukutani kwa heshima.

Jumatatu, Machi 24

Nzito.

Jumanne, Machi 25

Nzito.

Ijumaa, Machi 28

Nimeanza kujishuku mwenyewe. Huenda baiskeli haina neno. Kwa Kesho kiwanja ni tambarare, na kila kitu ni chepesi kwenye tambarare. Huenda bega halikuunga vizuri, au ni woga: mtu aliyeanguka mara moja mikono inakuwa na mawazo yake. Nilimwuliza mume wangu kama anaona nimebadilika tangu nilipovunjika.

"Umebadilika," akasema. "Zamani ulikuwa huulizi."

Sikujua kama ananisifu au ananisema.

Jumapili, Machi 30

Nimefanya mazoezi uani, nikizunguka pipa la maji. Nalaza mwili, nasukuma mkono wa ndani, natazama ninakokwenda badala ya gurudumu. Haya yote nilikuwa nayajua bila kuyajua. Sasa nayajua na hayanisaidii. Mama mkwe aliketi mlangoni anachambua mchele, ananitazama nikizunguka. Mwisho akasema, "Pipa limechoka, mwanangu. Liache."

Jumatano, Aprili 2

Mvua. Maji hayakuchafuka. Bahati tu.

Jumanne, Aprili 8

Nimeanguka.

Mvua ya jana usiku ilikuwa imelowesha kila kitu, ya leo ikaja juu yake. Chemchemi ilibadilika mbele ya macho yangu. Niliamua sitashuka kwa miguu safari hii, hata iweje. Nilipiga moyo konde. Kona za juu nilizipita kwa nguvu, meno yamebana. Kwenye kona ya mwamba nilivuta, haikukubali. Nikavuta zaidi, haikukubali. Halafu kwa ghafla ikaachia yote, kama mlango uliokwama unapofunguka na wewe umeuegemea, na gurudumu likageuka zaidi ya nilivyotaka. Niliruka juu ya usukani. Korongo lilikuwa kulia. Namshukuru Mungu niliangukia kushoto, kwenye majani.

Goti limechanika, kiganja hakina ngozi. Nilichechemea mpaka chembani. Tope lilikuwa limepita zamani.

Mkuu amekuja mwenyewe mpaka nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Amesema pole. Amesema nikipona niende moja kwa moja kaunta, mwisho wa mwezi wataandika barua. Nilimwangalia mume wangu wakati Mkuu anasema hayo. Naapa niliona uso wake unapumzika.

Jumatano, Aprili 9

Niko kitandani, goti limefungwa. Mama mkwe ameniletea uji, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa naanza tena habari za Kesho, kwamba nitamshtaki kwa mjumbe, kwamba amenila hela na amenila mguu. Akanikata.

"Mama Pacha, nisikilize. Una maneno makali na hiyo baiskeli, na wala hushukuru. Mwanangu kila alfajiri, wewe bado unajigeuza kitandani, yuko chini ya dirisha langu na vyuma vyake anaihangaikia. Kila siku ya Mungu. Baba yake, Mungu amrehemu, hakuwahi hata kunifutia kijiko."

"Anaifuta, Mama. Najua."

"Kufuta ni kufuta. Nasema anaikaza."

Kijiko kilikuwa kinywani. Nilikitoa taratibu.

"Anaikaza wapi?"

"Pale juu, shingoni. Analegeza huku na huku, anakaza juu, anarudisha. Anaishika anaitikisa. Haitikisiki, anaridhika. Mlio wa ule ufunguo wa kukazia ndio unaoniamsha siku hizi."

Aliniambia kwa fahari. Alitaka nimwone mwanawe alivyo mwema. Nikamwambia uji ni mtamu, na kwamba nataka kwenda chooni, na nikatoka nikichechemea moja kwa moja mpaka karakana.

Alikuwa anapiga randa mbao. Aliniona, akamaliza ule mkono mpaka mwisho wa ubao, ndipo akasimama.

"Baba Pacha, unaikaza baiskeli yangu?"

"Kidogo tu."

"Kila siku?"

"Inalegea kila siku. Huyo fundi wako hajui kukaza. Niliangalia alivyoiunga, nikaona pale pa kukazia. Ukiinua mbele, gurudumu linajigeukia."

"Linatakiwa lijigeukie!"

"Kiungo kinachojigeukia ni kibovu. Kiti changu kikifanya hivyo mteja ananirudishia."

"Ile si kiti."

Nilifikiria mwezi mzima: upepo wa tairi, shingo fupi, pipa la maji, Kesho niliyemwita mwongo usoni, bega langu nililolishuku. Na ndoo ya tope ya mama yake. Nikamwambia, "Panda."

"Nini?"

"Ipande. Umeikaza leo?"

Alikuwa ameikaza. Mimi niko kitandani na goti limefungwa, na yeye alfajiri alikuwa ameinyoosha baada ya ajali na kuikaza, kwa mazoea. Nyuma ya karakana kuna mteremko mfupi, na chini yake anamwaga maranda. Akasita, akaona uso wangu, akapanda na aproni yake. Hapo chini njia inapinda kidogo tu, hata kuku anapinda. Niliona mabega yake yanavuta. Niliona usukani unakataa. Akaingia kwenye lundo la maranda akazama mpaka kiunoni.

Siku nyingine ningevunjika mbavu kwa kucheka. Alibaki amekaa humo, maranda kichwani, anatazama mikono yake.

"Haikugeuka," akasema.

"Sasa fikiria pale kwenye mwamba."

Akasema bila kunitazama: "Nilipokukuta msimu uliopita, usukani ulikuwa umetazama nyuma. Nilidhani umekufa. Wewe hukujiona. Mimi nilikuona. Tangu siku hiyo nikiona gurudumu linageuka lenyewe, naona vile."

Huruma ilinishika, na hasira ikaisukuma pembeni, kisha huruma ikarudi. Sikujua nimpe ipi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Naam, ningekataa. Ndiyo maana unatakiwa uulize." Nikamwuliza na lile lililokuwa linaniwasha zaidi. "Ulitaka nipelekwe kaunta?"

Mume mwingine angekana. Yeye akatoa maranda sikioni. "Nilitaka. Lakini sikuikaza kwa ajili hiyo." Akafikiri. "Sijui, Mama Pacha. Labda."

Nilirudi ndani. Ile labda imeniuma kuliko goti.

Ijumaa, Aprili 11

Hatuzungumzi. Tunapitishia maneno kwa mama mkwe. "Mwambie chumvi iko pale." "Amesema chumvi iko pale." Bibi wa watu amechoka, leo amesema yeye si posta. Alfajiri niliamka mapema nikasikiliza. Kimya. Hakuikaza.

Jumatatu, Aprili 14

Nimepeleka baiskeli kwa Kesho. Nilimwambia kila kitu, na kwamba nilimwonea. Alinisikiliza huku akifungua ile kofia ya juu. Gololi mbili zilikuwa zimepasuka.

"Mimi nilikuuliza nani anaishika," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanijibu vibaya."

"Nilikujibu vibaya."

Akaridhika. Akasema gololi mpya zipo, nije kesho.

Jumatano, Aprili 16

Baiskeli ni nyepesi, na sasa imekuwa nyepesi siku ya pili mfululizo. Lakini ya nini? Barua ya kaunta inaandikwa.

Mchana Mkuu ameniita. Nilidhani ndiyo barua yenyewe. Kumbe mume wangu alikuwa amefika ofisini asubuhi, na ile aproni yake, akasimama mbele ya meza ya Mkuu akaeleza kwamba kosa si la mlinzi wa bomba wala la baiskeli. Kosa ni lake, yeye ndiye aliyekuwa anaikaza. Makarani walisikia. Fundi ambaye nusu ya milango ya mji huu ameitengeneza yeye, amesimama hadharani akasema hajui kukaza skrubu.

Nilikasirika upya. Nani alimtuma akanisemee kama mtoto aliyechelewa shule? Kwa hiyo nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani, na nilipofika nikamkuta anapanga mbao, nikamwambia mwenyewe, bila posta, "Chai iko tayari." Akaja.

Mkuu amesema barua itasubiri. Mvua kubwa ijayo nipande, aone. Nikishindwa, hatutaongea tena.

Jumapili, Aprili 20

Jua. Nani ameomba jua?

Jumatano, Aprili 23

Imenyesha.

Asubuhi, kabla sijatoka, mume wangu alikuwa amesimama karibu na baiskeli. Akainua mbele. Gurudumu likalala upande. Nilimwona anameza mate. Akaishusha, akaweka mikono nyuma, akasema, "Haya."

Juu, maji yaligeuka mapema kuliko nilivyotarajia, na moja kwa moja yakawa kahawia. Nikashuka. Sitaandika kona zote. Nitasema tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuwa napigana. Nilifikiri kushoto, ikaenda kushoto. Tairi zilishika, usukani ukajibu, mfuko wa spana ukagonga nyuma yangu kama mtu anayenihimiza. Nilisahau kama nina goti.

Nilifika chembani, nikaweka sikio kwenye bomba. Maji yalikuwa yanasema taratibu. Nilizungusha valvu mpaka mwisho, nikakaa juu ya mfuniko nikasubiri, na baada ya muda nikalisikia linakuja, linakwaruza, linafika pale na kusimama. Nililipiga bomba kofi.

Mkuu alikuwa tangini chini na mwavuli. Alikinga glasi kwenye bomba la kupimia, akaiinua juu, akaitazama, akanywa yote mbele yangu. "Kaunta nitamtafuta mtu mwingine," akasema, akaenda zake. Bomba ni langu.

Nyumbani mume wangu alikuwa langoni, amelowa. Hakuwa amesimama chini ya paa, na paa liko hatua chache tu.

"Imekuwaje?"

"Nimewahi. Nimefunga."

Akafumba macho kidogo. "Na pale kwenye mwamba?"

"Vizuri tu," nikasema.

Mabega yake yalishuka. Akaipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani bila kuigusa shingo, na wakati wa chakula akaongea kuliko alivyoongea mwezi mzima. Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi, halafu yeye, anashangaa.

Pale kwenye mwamba nilikwenda kasi mno. Baiskeli ilikata kona upesi kuliko nilivyokuwa tayari, nyuma ikateleza, na mguu wangu wa kulia ukatoka kwenye pedali ukaning'inia juu ya korongo. Niliona maji chini. Niliona vizuri kabisa atakachokikuta akija kunitafuta. Kisha tairi ikashika tena, nikaendelea, na nililia mpaka karibu na chemba huku nikikanyaga.

Wiki mbili nimemlaumu mtu kwa kunificha jambo kwa sababu ananipenda. Leo amenitazama machoni akaniuliza, nami nimemficha. Nikimwambia, hatalala, na alfajiri atakuwa chini ya dirisha la mama yake na ufunguo mkononi. Nisipomwambia, atakuwa ananisubiri langoni kila mvua, akiamini kwamba pale ni vizuri tu.

Mvua bado inanyesha. Kesho napanda tena.